Daktari Villermé, Aliyehesabu Saa za Watoto

Mwaka wa 1782 alizaliwa huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mtoto mwanamume aliyeitwa Louis-René Villermé. Jina lake halikutangazwa kama majina ya majemadari wa siku zile, maana hakushinda vita wala hakutawala watu. Kazi yake ilikuwa kuona, kuhesabu na kuandika vitabu. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka wa 1840, nacho kilieleza habari za watu wa kazi: wanafanya kazi saa ngapi kwa siku, wanapata mshahara gani, wanakula nini, wanalala wapi, na watoto wao wanafikia umri gani. Mwaka mmoja baadaye Serikali ya Ufaransa iliweka sheria yake ya kwanza ya kuwakinga watoto wanaofanya kazi katika viwanda.

Katika ujana wake Villermé alisomea udaktari wa kupasua. Nyakati zile Napoleon alikuwa akipigana na mataifa karibu yote ya Ulaya, na majeshi yake yalihitaji madaktari wengi. Basi tangu mwaka wa 1804 mpaka mwaka wa 1814 Villermé alifuata majeshi, akifunga vidonda na kukata viungo vilivyovunjika. Huko Hispania, katika jimbo la Estremadura, aliona jambo jingine ambalo hakulisahau: njaa iletwayo na vita, ile inayowaua wanakijiji wasioshika silaha yoyote. Mwaka wa 1818 aliandika habari za njaa hiyo, jinsi inavyodhoofisha mwili na kufungua mlango wa magonjwa. Hapo ndipo alipoanza kutambua ya kuwa daktari anayengojea wagonjwa nyumbani kwake huwaona wakiwa wamekwisha kuchelewa. Ugonjwa una mzizi wake mahali pengine.

Vita vilipokwisha alirudi Paris. Kwa miaka michache alitibu watu, kisha akaacha, akajitia katika kazi ya utafiti. Mwaka wa 1820 alitoa kitabu juu ya magereza, akieleza jinsi yalivyo na jinsi yanavyopaswa kuwa. Mwaka wa 1823 alipokewa katika Akademia ya Udaktari, yaani baraza la madaktari wakubwa wa Ufaransa.

Siku hizo mji wa Paris uligawanyika katika mitaa mikubwa 12. Watu walijua kwamba mitaa mingine inazika sana kuliko mingine, nao walikuwa na maelezo mengi. Wengine walisema ni ukungu wa mto Seine. Wengine walisema ni upepo, au udongo, au nyumba kukosa jua. Villermé hakubishana nao. Alichukua madaftari ya Serikali yaliyoandikwa vifo, mtaa kwa mtaa, akayalinganisha na kila sababu iliyotajwa. Mto haukueleza neno. Upepo haukueleza neno. Jambo moja tu lilikwenda sawasawa na vifo: idadi ya nyumba zisizotozwa kodi kwa sababu wakaaji wake walikuwa maskini mno. Palipokuwa na maskini wengi, palikuwa na makaburi mengi.

Ili watu wasidhani ni mto, alilinganisha mahali pawili palipokaribiana kabisa na maji. Katika kisiwa cha Saint-Louis, nyumba zilizo kandokando ya Seine zilikaliwa na watu wenye mali: huko walikufa watu 19 hivi kwa mwaka katika kila 1,000. Katika barabara iliyoitwa Mortellerie, ng'ambo tu ya maji, maskini walirundikana katika vyumba vyembamba: huko walikufa 30 na zaidi. Mto ulikuwa ule ule mmoja. Mwaka wa 1832 kipindupindu kiliingia Paris, kikaua watu zaidi ya 18,000, na Villermé akafuata nyayo zake katika nyumba za kupanga, wanamolala vibarua wengi katika chumba kimoja. Akaona tena jambo lile lile.

Mwaka huo wa 1832 Serikali ilifufua baraza jingine la wataalamu, Akademia ya Maarifa ya Maadili na Siasa, na Villermé akawekwa humo. Baraza hilo lilikuwa na swali zito mbele yake, nalo lilihusu kazi.

Yafaa kueleza kwanza ilivyokuwa. Mtu aliyelima pamba anajua kwamba pamba haiwi nguo mara moja: yapasa kusafishwa, kusokotwa iwe uzi, kisha uzi kufumwa uwe kitambaa. Zamani kazi hizo zilifanyika nyumbani. Mwanamke alisokota karibu na moto wake, na mume akafuma katika chumba cha pili. Walipochoka walipumzika, na mtoto alipolia alibebwa. Kisha zikaja mashine zilizobuniwa Uingereza, zenye kusokota nyuzi mamia kwa mara moja. Zilisukumwa na maji ya mto, au na mvuke wa maji yachemkayo. Nguvu ya namna hiyo haichoki, wala hailali, wala haiogopi usiku. Mashine ikianza kuzunguka, ni mtu anayepaswa kuifuata mwendo wake.

Tena mashine hizo hazikutaka nguvu nyingi za mikono. Zilitaka mtu wa kuunga nyuzi zilizokatika, mtu wa kufagia pamba iliyoanguka chini ya vyuma, na mtu wa kujaza vigurudumu vya uzi. Vidole vidogo vilifaa sana. Na mshahara wa vidole vidogo ulikuwa mdogo. Hivyo watoto wa miaka minane, saba, hata sita, waliingia kiwandani pamoja na mama zao.

Je, maisha ya watu hao yalikuwa mabaya au mema? Wenye viwanda walisema ni mema, kwa kuwa watu wanapata mishahara. Wengine walisema ni utumwa. Mwaka wa 1831, na tena mwaka wa 1834, wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon waliasi kwa ajili ya malipo ya kazi yao, na askari wakawapiga kwa bunduki na mizinga. Hofu iliingia katika nchi. Ndipo Akademia ilipowatuma wajumbe wake wawili, Villermé na mwenzake Benoiston de Châteauneuf, wakaone kwa macho. Wakagawana njia. Villermé alipata nchi za viwanda vya pamba, sufu na hariri.

Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 alipoanza safari hizo. Toka mwaka wa 1835 mpaka mwaka wa 1837 alitembea: Mulhouse, Lille, Rouen, Saint-Quentin, Amiens, Reims, Sedan, Lyon, Nîmes, hata kuingia Uswisi katika nchi ya Zürich. Njia yake ilikuwa hii. Alimwuliza mwenye kiwanda, kisha akawauliza wafanyakazi jambo lile lile, kisha akamwuliza daktari wa mji, au mtu mwingine asiyepata faida wala hasara katika shauri hilo. Aliingia kiwandani, halafu akafuata watu nyumbani kwao. Alitazama vyungu vyao na vitanda vyao. Alikwenda hata katika vilabu vya pombe kusikiliza maneno yao wakiwa na furaha. Lisilothibitishwa hakuliandika.

Mulhouse ni mji wa Alsace, karibu na mipaka ya Uswisi na Ujerumani. Viwanda vyake vya pamba vilikuwa vimekua upesi mno, na vyumba vya kupanga mjini vilikuwa ghali. Kwa hiyo maelfu ya wafanyakazi walikaa katika vijiji vya mbali na kuja kwa miguu kila siku. Kazi ilianza saa kumi na moja ya alfajiri, ikaisha saa mbili ya usiku. Ukiondoa saa moja na nusu ya kula, zilibaki saa 13 na nusu za kazi kamili. Lakini aliyekaa mbali aliamka mapema zaidi, naye akafika kwake usiku sana.

Villermé alisimama njiani akawatazama wanavyopita. Aliona wanawake wengi waliokonda na kupauka, wakienda bila viatu katika matope. Mvua iliponyesha walijifunika kichwa kwa aproni au kwa sketi zao. Aliona watoto wadogo zaidi kuliko alivyotazamia, wachafu, wenye nguo zilizochakaa. Nguo hizo zilikuwa zimelowa mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye mashine, hata mvua haikuweza kupenya. Kila mtoto alichukua mkononi, au alificha chini ya koti lake, kipande cha mkate cha kula mpaka jioni. Humo vijijini aliona nyumba ambamo jamaa mbili zililala katika chumba kimoja, kila jamaa katika pembe yake, juu ya majani makavu yaliyozuiwa na mbao mbili.

Daktari huyu aliyezoea vita hakuwa mtu wa kulia ovyo. Maandiko yake ni makavu, yamejaa tarakimu. Lakini alipofika kwa watoto hao, maneno yake yalibadilika. Alihesabu kwamba mtoto anayetoka mbali husimama kwa miguu yake saa 16 au 17 kwa siku, na katika hizo saa 13 kwa uchache ndani ya chumba kilichofungwa, bila kubadili mahali wala namna ya kusimama. Aliandika wazi kwamba hiyo si kazi tena, ila ni mateso, na wanaotiwa katika mateso hayo ni watoto wa miaka sita mpaka minane, wasioshiba, wasio na nguo za kutosha. Akatafuta kitu cha kulinganisha. Wafungwa wa kazi ngumu, waliohukumiwa kwa makosa makubwa, walifanya kazi saa 12 tu, na wakati wa kula ulitolewa humo. Watumwa katika visiwa vya Antilles, walioshikwa bado na Wafaransa mpaka mwaka wa 1848, walihesabiwa saa tisa. Ni kweli kwamba hesabu ya saa haitaji mjeledi, na mtumwa hakuwa na siku hata moja iliyo yake. Lakini wasomaji wa Paris walishtuka kusikia mtoto huru wa Ufaransa akitumika saa nyingi kuliko mfungwa.

Huko Lille, katika barabara ya Étaques, Villermé alishuka katika mashimo yaliyo chini ya nyumba, ambamo watu walikaa kama ndiyo makao yao. Mwanga uliingia kwa mlango peke yake. Watu wa umri wote na wa jinsi zote mbili walilala katika kitanda kimoja kibovu. Aliona ya kuwa kina mama wanaokwenda kazini waliwanywesha watoto wachanga dawa ya usingizi iliyonunuliwa kwa wauza dawa, ili wasilie. Mtoto mnywa dawa hiyo alinyamaza kweli; na wengi wao hawakukua.

Katika Lyon mambo yalikuwa namna nyingine. Wafumaji wa hariri walifanya kazi katika nyumba zao, na mtambo wao ulikuwa mrefu hata ukafika karibu na dari. Baada ya maasi watu walikuwa wamesema mengi juu yao, kwamba ni wakali na walevi. Villermé aliwakuta wenye akili na wenye kiasi kuliko sifa yao, akaliandika hilo ingawa halikuwapendeza wote.

Jambo moja alilolipata katika safari hizi liliwashangaza watu wa pande zote. Wengi walidhani ya kuwa maskini kupita wote ni mtu wa mashine. Kumbe aliyekuwa na hali mbaya zaidi alikuwa yule mfumaji wa pamba aliyebaki nyumbani na mtambo wake wa mkono. Mashine ilifanya kazi yake kwa bei ndogo. Yeye, ili auze, alipaswa kupunguza bei kila mwaka na kuongeza saa za usiku. Hakuna aliyemfukuza kazini wala aliyemlazimisha. Alididimia polepole tu.

Akaandika na mishahara. Kwa kukadiria viwanda vingi pamoja, mwanamume alipata faranga 2 kwa siku, mwanamke faranga 1, kijana wa miaka 13 mpaka 16 santimu 75, na mtoto wa miaka 8 mpaka 12 santimu 45. Faranga moja ni santimu 100. Basi watoto wawili na zaidi walihitajika kufikia mshahara wa mama yao. Villermé aliona ya kuwa jamaa inaweza kuishi kwa mapato hayo ikiwa mkate si ghali, kazi haikatiki, hakuna anayeugua, na watoto wadogo si zaidi ya wawili. Kikikosekana kimoja tu, jamaa inaanguka. Na nani aliyewahi kuona mwaka usiokosa hata kimoja?

Kisha zikaja hesabu za uhai. Mulhouse, katika jamaa za wenye viwanda na wafanyabiashara, nusu ya watoto waliozaliwa waliufikia umri wa miaka 29. Katika jamaa za wafumaji na za wasokotaji wa viwandani, nusu ya watoto walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Huko Amiens, ili kupata vijana 100 wenye afya ya kuwa askari, ilitosha kuwapima 193 katika watu wenye nafasi. Katika maskini ilipasa kuwapima 343. Tarakimu za namna hii hazina huruma wala hasira, na kwa sababu hiyo zilikuwa vigumu kuzikana. Hata waziri asiyejali watoto alijali kupata askari.

Isidhaniwe kwamba Villermé alikuwa mtetezi wa wafanyakazi katika kila neno. Aliwalaumu sana kwa ulevi, hasa desturi ya kuiacha kazi siku ya Jumatatu ili kumaliza mshahara wa juma kilabuni. Aliwasifu wenye viwanda wa Sedan waliopatana kutowapa kazi walevi. Aliamini ya kuwa mshahara ni shauri la bwana na mfanyakazi wawili peke yao, na Serikali isiingie. Katika mwaka ule ule wa 1840 kijana Eugène Buret alitoa kitabu kingine juu ya umaskini wa wafanyakazi wa Uingereza na wa Ufaransa, naye aliona shina la ubaya katika mpango wenyewe wa kazi. Katika hilo Buret aliona mbali zaidi. Mtu anayelala juu ya majani na kuamka usiku wa manane, si ajabu akitafuta joto katika pombe. Na daktari aliyegundua kwamba umaskini unaua kuliko ukungu wa mto angaliweza kulitambua hilo upesi zaidi.

Hata hivyo macho yake yalikuwa makali kuliko mafundisho aliyoyashika. Mfano ni kitabu kidogo cha kazi, ambacho kila mfanyakazi alipaswa kuwa nacho. Bwana aliyemkopesha mfanyakazi fedha aliandika deni katika kitabu hicho. Mfanyakazi akienda kwa bwana mwingine, deni lilimfuata, likakatwa katika mshahara wake. Basi mabwana wengine walikopesha kwa furaha, maana mwenye deni kubwa hapokelewi mahali pengine, na asiyeweza kuondoka hawezi kudai kuongezwa. Villermé alieleza madhara ya mikopo hiyo. Mwaka wa 1851 sheria iliamuru kwamba deni linaloandikwa humo lisipite faranga 30.

Na kwa watoto alikiacha kabisa alichokiamini juu ya uhuru wa mapatano. Mtu mzima, alifikiri, anaweza kukataa kazi. Mtoto wa miaka saba hapatani na mtu yeyote. Tarehe 2 ya mwezi wa Mei, mwaka wa 1837, alisimama mbele ya Akademia zote zilizokusanyika, akasoma hotuba juu ya saa za watoto. Hakuwatukana wenye viwanda. Kati yao walikuwamo watu wema, kama Jean-Jacques Bourcart wa Alsace, mwenye kiwanda cha nyuzi, aliyewaomba wenzake tangu mwaka wa 1827 wapunguze saa za watoto. Lakini Villermé alieleza kwa nini wema wa mtu mmoja hautoshi. Bwana anayepunguza saa peke yake, uzi wake unakuwa ghali kuliko uzi wa jirani. Wanunuzi wanamkimbia, kiwanda kinafungwa, na watoto wanakwenda kwa yule jirani. Yafaa wote wapunguze siku moja, na jambo hilo ni sheria tu inayoweza kulileta.

Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1840, katika mabuku mawili, nacho kilieleza hali ya mwili na ya mwenendo wa wafanyakazi wa viwanda vya pamba, sufu na hariri. Mabaraza mawili ya kutunga sheria yalikuwa yakishughulika na jambo hilo hilo. Katika Baraza la Wakuu, Charles Dupin alitetea sheria. Gay-Lussac, mtaalamu mkubwa wa kemia, aliipinga, akisema Serikali isiingie kiwandani mwa mtu. Wengine walisema baba ndiye mwenye mamlaka juu ya mtoto wake. Wengine walisema Waingereza watauza nguo zao kwa bei nafuu na kuwashinda Wafaransa. Wengine tena walisema jamaa maskini zitakosa zile santimu 45, na neno hilo halikuwa uongo. Mwezi wa Desemba 1840, mjumbe Mkatoliki Alban de Villeneuve-Bargemont, aliyekuwa amekwisha kuandika juu ya uchumi na umaskini, alisema kwa nguvu katika Baraza la Wajumbe kwa ajili ya watoto hao.

Sheria ikapita tarehe 22 ya mwezi wa Machi, mwaka wa 1841. Mtoto asiyetimiza miaka minane asipokewe kazini. Toka miaka 8 mpaka 12 asifanye kazi zaidi ya saa 8 kwa siku, tena kwa kupumzika katikati. Toka miaka 12 mpaka 16 asipite saa 12. Kazi ya usiku ilikatazwa kwa walio chini ya miaka 13, na kazi ya siku ya Bwana kwa walio chini ya miaka 16. Mtoto aliye chini ya miaka 12 asipokewe bila kuonyesha kwamba anakwenda shule.

Hayo yalikuwa mengi kwa wakati ule, lakini palikuwa na matundu. Sheria iligusa viwanda vyenye mashine za mvuke au maji, au vyenye moto usiozimwa, na mahali penye wafanyakazi zaidi ya 20 pamoja. Watoto wa karakana ndogo, na wale wa mfumaji wa nyumbani aliyekuwa maskini kuliko wote, hawakuguswa. Tundu kubwa zaidi lilikuwa katika ukaguzi. Waingereza, katika sheria yao ya mwaka wa 1833, walikuwa wameweka wakaguzi wanne wenye kulipwa na Serikali. Wafaransa walichagua watu wa kujitolea, wasio na mshahara, na mara nyingi watu hao walikuwa wenye viwanda wenyewe, au waliopata kuwa wenye viwanda. Jirani hakutaka kumshitaki jirani. Katika miji mingi sheria ilibandikwa ukutani, na mashine zikaendelea kuzunguka kama jana.

Villermé hakuacha kuandika. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1848, Jenerali Cavaignac aliiomba Akademia itoe vitabu vidogo vya kuwatuliza watu, na Villermé akaandika kimoja juu ya vyama vya wafanyakazi. Hakutumaini kwamba vyama hivyo vitawaokoa wote, na kitabu hicho hakikuwavuta wafanyakazi. Mwaka wa 1850 aliandika juu ya watu wanaokatwa viungo na mashine, na tena juu ya nyumba za wafanyakazi. Hakupenda majengo makubwa yanayowakusanya watu kama askari kambini. Alitaka nyumba ndogo, kila jamaa na mlango wake na bustani yake. Mulhouse, mji ule ule alikoona jamaa mbili juu ya majani makavu, ulianza mwaka wa 1853 kujenga nyumba ndogo zenye bustani, ambazo mfanyakazi aliweza kuzinunua kwa kulipa kidogo kidogo.

Alifariki huko Paris tarehe 16 ya mwezi wa Novemba, mwaka wa 1863, mwenye umri wa miaka 81. Sheria ya watoto ilikuwa bado haina wakaguzi wa kulipwa. Ilipasa kungoja mpaka tarehe 19 ya mwezi wa Mei, mwaka wa 1874, miaka 33 baada ya sheria ya kwanza. Umri wa kuanza kazi ukapandishwa kuwa miaka 12, ingawa kazi fulani ziliruhusiwa bado kuwapokea watoto wa miaka 10. Nayo Serikali ikaweka wakaguzi 15 kwa Ufaransa yote, wenye mshahara wao, wenye haki ya kuingia kiwandani, kutazama vitabu vya watoto, na kuandika walichokiona.